Gemu za Uhusika za Kale: Kipi Kimechuja, Kipi Hakijachuja

Katika Ultima IV, gemu iliyotolewa na Richard Garriott na kampuni yake ya Origin Systems mwaka 1985, mchezaji anayeingia katika duka la mitishamba ya uganga hupokewa na mwanamke kipofu. Mwanamke huyo humtajia bei, kisha humwachia mteja mwenyewe aandike kiasi anacholipa. Mteja anaweza kuandika kipande kimoja tu cha dhahabu na kuondoka na mzigo wote. Hakuna askari atakayemfuata. Ila kompyuta, bila kusema neno, hupunguza hesabu ya uaminifu wake, na gemu hii haimalizwi na mtu ambaye hajazitimiza fadhila nane, uaminifu ukiwa mojawapo. Gemu tatu zilizoitangulia zilimruhusu mchezaji aibe na aue raia bila hilo kumzuia kushinda. Hii ya nne haina hata adui mkuu wa kuuawa mwishoni.

Tukio zima la duka ni mistari michache ya maandishi pembeni mwa picha duni. Hata hivyo, kila ninapolirudia, mkono bado husita juu ya kibodi kabla ya kuandika tarakimu.

Wengi wanaojadili gemu za kale huanza na sura. Huhesabu pikseli, hulalamikia vitufe, kisha hutoa hukumu kwamba gemu fulani imechuja na nyingine bado inang'aa, lawama zote zikiangukia miaka. Ninavyoona mimi, miaka inasingiziwa. Kanuni ya gemu hudumu pale inapobeba maana ile ile inayobebwa na hadithi. Kanuni na hadithi zikivutana, gemu hulegea, na mara nyingi ilikuwa imelegea tangu siku ilipotoka.

Planescape: Torment, ya Black Isle Studios, iliyotoka Desemba 1999 ikiwa imebuniwa chini ya uongozi wa Chris Avellone, ni ushahidi mzuri kwa sababu ina pande zote mbili. Mhusika mkuu hana jina wala kumbukumbu, na akiuawa huamka tena. Katika gemu karibu zote mchezaji hufa na kurejea pale alipohifadhi, na hadithi hujifanya haikuona. Torment imelichukua jambo hilo na kulifanya kiini chake. Maandishi yake hukadiriwa kufikia maneno 800,000, na mchezaji aliyempa mhusika wake akili na hekima hufunguliwa mazungumzo ambayo mwenye misuli hatayaona kamwe. Mapigano ni habari nyingine. Wahusika husongamana vichochoroni, maagizo hupotea katika vurugu, mchezaji akabaki kubofya tu hadi adui aanguke. Ukifika mji wa Curst, gemu iliyokuzoesha kushinda kwa maneno inakulazimisha kupita mahandaki yenye adui baada ya adui. Toleo lililoboreshwa la kampuni ya Beamdog, la mwaka 2017, liliongeza ukali wa picha na kurahisisha menyu, lakini mapigano yakabaki yalivyo, maana tatizo halikuwa la macho. Kasoro hiyo haikuletwa na uzee. Ilizaliwa na gemu yenyewe.

Lakini ni kuirudia Torment ndiko kunakofundisha zaidi. Mwanzoni mhusika anaamka juu ya meza ya chumba cha maiti katika mji wa Sigil, na fuvu linaloelea, jina lake Morte, linajitolea kumsomea maneno aliyochanjwa mgongoni. Mara ya kwanza unashukuru kupata mwenzi. Mara ya pili unajua kwamba Morte ameruka maneno ya mwisho, yale yanayoonya kwamba fuvu lisiaminiwe, na kila mzaha wake unaanza kusikika kama wa mtu anayeficha kitu. Katika jengo hilo hilo unatokea mzimu wa mwanamke aitwaye Deionarra, unaomlilia mhusika kama mpenzi wake. Mchezaji mgeni anaona huzuni ya mapenzi. Anayerudia anajua kwamba katika mojawapo ya maisha aliyoyasahau, mhusika huyu huyu alilitumia penzi la mwanamke huyo na kumpeleka kwenye kifo kwa makusudi, ili mzimu wake uje kumfaa. Jibu laini lililokuwa faraja mara ya kwanza sasa ni uongo unaorudiwa, na mchezaji ndiye anayeuchagua. Yeye anakumbuka, mhusika hakumbuki. Ni gemu chache sana ambazo kurudiwa kwake kumo ndani ya maana yake kwa kiasi hiki, na kwa hili peke yake Torment inastahili nafasi katika mitaala ya fasihi.

Kuna pingamizi moja zito, nalo linaigusa Ultima IV moja kwa moja. Anayeirudia anajua kwamba chini ya fadhila kuna hesabu. Anajua kwamba kumpa ombaomba sarafu kunapandisha huruma, na kwamba kutoa damu kwa waganga kunapandisha kujitolea. Ataigawa huruma sarafu kwa sarafu hadi itimie, kisha aende kwenye fadhila inayofuata. Je, gemu haijafa mikononi mwake? Pingamizi hili silioni kuwa dogo. Garriott aliificha hesabu: katika ngome ya mfalme yupo mwonaji, Hawkwind, anayekueleza kwa maneno ulipofika katika kila fadhila, bila kukutajia tarakimu. Mchezaji wa leo anayefungua mwongozo wa intaneti kabla hajaumba mhusika anacheza gemu nyingine kabisa. Hata hivyo, sadaka inayotolewa ili ihesabiwe ni swali la kale kuliko kompyuta yoyote, na gemu inayomfikisha mchezaji kwenye swali hilo, hata kwa njia ya mkato, bado ina la kusema.

Mwongozo huo wa intaneti unanileta kwenye kile ambacho kweli kimetoweka, nacho ni meza ya mchezaji. Wizardry ya mwaka 1981, kazi ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead, ina ngazi 10 za mahandaki, kila moja miraba 20 kwa 20, zilizochorwa kwa mistari mitupu. Mchezaji alikaa na penseli na karatasi ya miraba, akichora kila hatua. Zipo sehemu zinazoligeuza kundi lake upande mwingine bila taarifa, na hofu yote ya gemu hii ilikuwa pale, katika kugundua kwamba ramani uliyoichora kwa saa nzima imepotoka na hujui ilipotokea hivyo. Mwaka 2024 kampuni ya Digital Eclipse ilitoa toleo jipya lililojengwa juu ya programu ile ile ya awali, na katika kona ya skrini unaweza kuona gemu ya Apple II ikiendelea sambamba. Ni kazi ya heshima kubwa. Ila ramani ikijichora yenyewe, sehemu ile ya kukugeuza haina tena la kukufanya. Vivyo hivyo kwa Ultima IV: ndani ya boksi lake mlikuwa na ramani ya kitambaa na vijitabu viwili, kimoja kikieleza mitishamba ipi huchanganywa kwa uganga upi. Asiye navyo atasema gemu ni bubu.

Anayehukumu aseme pia anahukumu nakala ipi. Fallout ya mwaka 1997 inampa mchezaji siku 150 atafute kifaa cha kusafisha maji ya watu wake. Wengi huuchukia muda huo. Mimi nauona kuwa uti wa mgongo wa gemu, kwani bila huo kiu ya Vault 13, makazi ya watu hao, ingekuwa maneno matupu. Ilikuwa pia na kikomo cha pili, baada yake majitu huvamia makazi hayo, lakini marekebisho yaliyotolewa baadaye yalikilegeza kiasi cha kutohisiwa, na nakala zinazouzwa leo zina marekebisho hayo. Wahariri wa tenzi wanalifahamu tatizo hili: msomaji wa Utendi wa Tambuka kwa herufi za Kilatini anasoma pia maamuzi ya aliyeutoa katika hati za Kiarabu.

Sisemi kwamba miaka haibadilishi kitu. Mtabiri anayemhoji mchezaji mwanzoni mwa Ultima IV ni picha ya mkato ya Waroma, na mitaa ya Sigil imejaa wanawake wasio na kazi ila kujiuza. Hapo msomaji ndiye aliyebadilika, na amebadilika kwa haki.

Mjadala huu unahitaji gemu zenyewe ziwepo. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani. Mwaka uliofuata Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa mbali. Icewind Dale II haikupata toleo lililoboreshwa kwa sababu programu yake ya msingi ilipotea. Kwa zile zilizosalia, toleo la kitaaluma ninalolidai lingeweka nakala ya siku ya kwanza kando ya iliyorekebishwa, pamoja na vijitabu na ramani zake zote, na ramani inayojichora iwe imezimwa hadi mchezaji mwenyewe atakapoiwasha.