Haki ya Makao: Kutoka Uwanda wa Makonde hadi Mahakama ya Rufani

Katika lugha yetu nyumba si kuta na paa tu. Tusemapo kwamba fulani ana nyumba yake, twataja pia watu wake, shamba lake na makaburi ya wazee wake. Ndiyo maana mtu akitolewa makaoni mwake bila kusikilizwa, huwa amevuliwa utu wake mbele ya majirani. Tajiri aweza kununua makao mengine. Maskini je, hulindwa na nini? Hilo ndilo swali tunalotaka kulichunguza hapa.

Tuanze Kusini, katika uwanda wa juu wa Makonde, penye Newala na Mkunya, na katika nchi ya Masasi iliyo upande wa magharibi. Uwanda huo hauna mito. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha vichwani, mpaka mradi wa mabomba ulipoanzishwa katika miaka ya 1950. Hata hivyo watu waliupenda uwanda huo, kwa kuwa vichaka vyake viliwasitiri na wavamizi na wafanyaji biashara ya watumwa katika karne ya 19.

Wamakonde waliishi katika maeneo yaliyoitwa chirambo, na kila chirambo kilikuwa na mkulungwa wake. Mgeni aliyefika, awe ametoka jirani au ng'ambo ya Ruvuma, alimwendea mkulungwa akaomba mahali pa kujenga na kulima. Hakudaiwa kodi ya kila mwezi. Alitakiwa kuzishika desturi za wenyeji wake. Baadaye, mikorosho ilipoenea, haki hiyo ilizidi kuota mizizi, maana mkorosho huishi miaka mingi, na aliyeupanda alihesabiwa kuwa mwenye mti. Hivyo haki ya makao ilitokana na mambo mawili: kupokewa na jamii, na jasho la mtu mwenyewe.

Serikali ya kikoloni iliitazama ardhi kwa jicho jingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 yakaitambua haki ya mwenyeji aliyekalia ardhi kwa mila. Lakini utambuzi huo ulikuwa dhaifu, na baada ya Uhuru haukupata nguvu upesi.

Mwezi Novemba mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Nia ilikuwa kuwakusanya wananchi karibu na shule, zahanati na maji, na wengi walivipata. Walakini, wapo waliohamishwa mbali na mikorosho yao. Zao la korosho nchini, lililofikia kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, lilishuka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei ndogo na maradhi ya miti, lakini umbali baina ya nyumba na shamba ulikuwa mojawapo.

Je, aliyeachishwa ardhi yake ya mila alikuwa bado na haki? Swali hilo halikujibiwa Kusini bali Kaskazini. Mwezi Januari mwaka 1987 Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walifungua kesi Arusha kudai kipande cha ardhi walichokimiliki kimila, wakashinda. Rufani ilipokuwa ingali ikingoja, Bunge lilipitisha Sheria Na. 22 ya mwaka 1992, iliyozifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, ikakataza fidia na kuzizuia mahakama kusikiliza madai hayo. Baba na mwana, kupitia kwa mawakili wao, waliipinga sheria yenyewe kwa kutumia Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba kuiondoa bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Jaji Mkuu alieleza kwamba kama hoja ya Serikali ingekubaliwa, wananchi wengi wa Tanzania Bara wangekuwa kama wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Tena Mahakama ilikubali kwamba jasho lililomwagwa juu ya ardhi lina thamani ya kulipwa. Tunaona basi kwamba neno la wazee wa chirambo lilipata kuwa neno la Katiba.

Mwaka huo huo, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira alifafanua kwamba ibara ya 26 humruhusu mwananchi kwenda mahakamani kwa manufaa ya umma, hata kama hakudhurika yeye peke yake. Huo ndio mlango wa mawakili wa maslahi ya umma: wakili mmoja aweza kusimama kwa ajili ya wengi wasio na ada. Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha anza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwasaidia wanyonge bila malipo. Mmoja wa wanasheria wa Chuo hicho, Profesa Issa Shivji, aliongoza Tume ya Rais iliyochunguza masuala ya ardhi mwaka 1991 na 1992. Hatimaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilipitishwa mwaka 1999, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Humo haki ya kimila ilipewa hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati.

Hata hivyo tusidhani kwamba safari imekwisha. Mtoto wa Newala aendaye mjini kutafuta kazi hapokewi na mkulungwa, hupanga chumba. Mpangaji huyo alilindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyoweka mabaraza ya nyumba na kumzuia mwenye nyumba kumtoa bila amri. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Tangu hapo mpangaji ametegemea zaidi mkataba wake, na mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajaingiza hata kitanda. Kwa hiyo aliye na shamba la mila kijijini ana ngao ya Katiba, na ndugu yake aliyepanga chumba mjini ana karatasi tu, tena pengine hana hata hiyo.

Lakini zipo nyenzo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hukumu ya Lohay Akonaay iliandikwa kwa Kiingereza, hata wengi waliookolewa nayo hawakuweza kuisoma. Ni wajibu wa walimu na wanafunzi wetu kuieleza kwa lugha inayoeleweka. Wazee walijua haki yao kwa kuwa ilisemwa barazani mbele ya wote. Nasi tukiisema hivyo, mnyonge hatatolewa nyumbani mwake kwa kutojua.