Maambukizi ya Mama kwa Mtoto: Jina Moja, Njia Tatu

Wataalamu huyaita maambukizi wima: kimelea hutoka kwa mama na kumfikia mwanawe akiwa tumboni, wakati wa kujifungua au baada ya kuzaliwa. Kliniki za wajawazito hazina habari na neno wima. Tangu upimaji wa VVU uanze huko, wahudumu na akina mama husema "maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto", nami nalipendelea jina hilo kwa sababu anayehusika hulielewa. UVIKO-19 ilipoingia, hata hivyo, jina hilo likaanza kuficha mambo.

Februari 2020, huko Wuhan, China, mtoto mchanga alipimwa saa 30 baada ya kuzaliwa, akakutwa na virusi vya korona. Habari zikaenea kwamba huenda aliambukizwa tumboni. Lakini saa 30 ni nyingi. Kwa muda huo mtoto huwa ameshapokewa na mkunga, ameshapakatwa, ameshapumuliwa usoni.

Ndiyo maana saa ya kipimo ina uzito kuliko jibu lenyewe. Mtoto hupanguswa kwanza, kisha kijiti chembamba chenye pamba huingizwa puani mwake. Akipimwa angali na damu na majimaji ya uzazi usoni, mashine inaweza kunasa virusi vya mama tu. Kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza hurudiwa kati ya saa 24 na 48. Damu nayo inataka uangalifu. Kingamwili za IgG hupita kwenye kondo la nyuma, hivyo zikionekana kwa mtoto huenda ni za mama. Za IgM kwa kawaida hazipiti. Zikiwapo, inaelekea mwili wa mtoto umezitengeneza wenyewe, ingawa kipimo chake nacho hukosea.

Ushahidi wenye nguvu ulitoka Ufaransa mwaka huohuo wa 2020. Madaktari walipima damu ya mama, maji ya uzazi, kondo na mtoto mwenyewe, na virusi vilikuwa vingi zaidi kwenye kondo. Maambukizi ya tumboni yapo, basi, ila ni nadra.

Linaloniuma ni maziwa. Kwa VVU, kunyonyesha ni mojawapo ya njia za maambukizi. Mama mwenye korona akisikia maneno yaleyale, atamnyima mtoto titi, wakati Shirika la Afya Duniani linamshauri aendelee kunyonyesha, avae barakoa na kunawa mikono. Hatari iko kwenye pumzi, na pumzi ya baba au ya shangazi aliyekuja kumwona mtoto huambukiza vilevile.

Napendekeza tutaje wakati: maambukizi ya tumboni, maambukizi ya wakati wa kujifungua, maambukizi ya baada ya kuzaliwa. Na majibu ya kipimo yakiandikwa, yaandikwe pamoja na umri wa mtoto kwa saa.