M-Pesa Haikuanguka Kutoka Mbinguni

Wasee, leo tuongee ukweli. Kuna ile hadithi kila mtu amesikia: eti M-Pesa iliundwa na mwanafunzi fulani wa chuo, halafu wakubwa wakamwibia wazo. Mimi pia niliiamini kabisa, mpaka nikaamua kusoma. Na maoni yangu ni haya: hadithi ya ukweli ni kali kuliko hiyo, na inatuhusu sisi zaidi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1871 kampuni ya Western Union huko Marekani ilianza kutuma pesa kwa telegrafu. Unalipa kwa ofisi ya mji mmoja, ujumbe unapita kwa waya, mtu wako analipwa mji mwingine. Umeona hapo? Noti hazikusafiri. Kilichosafiri ni habari tu. Shika hiyo pointi.

Miaka 102 baadaye, tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi. Alimpigia nani? Mshindani wake wa kampuni nyingine! Simu kama hiyo ilipokuja kuuzwa, bei ilikuwa karibu dola 4,000. Halafu tarehe 3 Desemba 1992, kijana mmoja Mwingereza, Neil Papworth, akatuma SMS ya kwanza duniani kutoka kwa kompyuta: salamu za Krismasi. Ile simu iliyopokea haikuweza hata kujibu.

Sasa njoo nyumbani. Simu zilipoanza kuenea Kenya miaka ya 2000, kutuma pesa ushago bado ilikuwa ni shughuli. Ulikuwa unampa kondakta bahasha na kuomba Mungu, ama unaenda Posta kupiga foleni. Watu wakachoka, wakajipanga. Mtu yuko Nairobi, ananunua kadi ya kukwaruza, anamtumia shosho zile namba. Shosho anapeleka kwa mwenye duka, anauza kwa keshi. Kredo ikawa pesa, hivyo tu. Hakuna injinia aliyewafundisha.

Wakati huo huo, Vodafone ya Uingereza ilikuwa na wazo lingine kabisa. Nick Hughes na Susie Lonie walitaka mfumo wa watu kulipa mikopo midogo kwa simu, na sehemu ya pesa za mradi ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Majaribio yalianza Oktoba 2005 na Safaricom pamoja na Faulu Kenya, Nairobi na Thika, kwa wateja wachache tu.

Hapo ndipo Wakenya walifanya mambo yao. Badala ya kulipa mkopo peke yake, walianza kutumiana pesa. Wengine waliweka pesa kwa simu kabla ya safari, wakatoa wakifika. Wafanyabiashara wakaifanya kabati ya kulaza mauzo usiku. Waanzilishi wakaona hayo, wakageuza mpango. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa rasmi, na kazi yake kubwa haikuwa mikopo tena, ilikuwa kutuma pesa nyumbani.

Kwa hivyo nani aliivumbua? Jibu langu: ni mnyororo. Kuna wa telegrafu, wa simu, wa SMS, kuna walioandika programu, kuna ajenti kwa kibanda chake, na kuna shosho na mwenye duka. Ukitoa mmoja, kitu hakisimami.

Lakini hapa ndipo inauma. Mnyororo ulikuwa wa wengi, umiliki ulikuwa wa wachache. Mpaka 2015, seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Jina lenyewe, hilo neno letu "pesa", lilikuwa mali ya Vodafone hadi 2020, Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini walipolinunua. Miaka 13! Sisi tuko hapa tunabishana kuhusu mwanafunzi mmoja aliyeibiwa, na hatuulizi swali lenyewe: wazo likitoka kwa watu wengi, faida inafaa kuwa ya nani?

Sisemi tukasirike tukae hapo. Nasema tufungue macho. Kitu kikubwa kinachofuata hakitaanza na fikra wa ajabu kwa chumba chenye giza. Kitaanza na ujanja ambao mathe wako anafanya leo sokoni bila kuuita teknolojia. Cheki group ya chama vile inaweka hesabu. Cheki mtu wa boda vile anajua wateja wake. Ukiona hiyo kitu mapema, iandike, ijenge, na uisajili kwa jina lako kabla mwingine hajaisajili kwa lake.

Na wewe, kwenu mlikuwa mnatuma pesa aje kabla ya 2007? Uliza shosho yako leo, halafu uje utuambie. Nangoja.