Mwethya na Mkono Uliopooza

Mwaka 1965 Florence Mahoney na Dorothea Barthel walichapisha huko Maryland, Marekani, kipimo cha kujua mgonjwa anajimudu kiasi gani. Kina vipengele 10: kula, kuoga, kujisafisha uso na nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea na kupanda ngazi. Anayeviweza vyote peke yake hupata alama 100. Ni kipimo kizuri, na mpaka leo hutumika kwa waliopatwa na kiharusi duniani kote. Ila kilizaliwa hospitalini. Ngazi zina alama 10, na kuteka maji hakuna hata moja. Mtu wa Kitui aishiye karibu na mto wa msimu kama Tiva huenda asipande ngazi ya nyumba maisha yake yote, lakini kila siku kuna kushuka mtoni, kufukua mchanga mpaka maji yachuruzike, na kupanda tena na mzigo. Katika vilima vya Makueni shamba lenyewe ni ngazi, matuta ya fanya juu yaliyochimbwa kwa jembe na sururu. Kwa hiyo swali la nani anajitegemea baada ya kupooza halijibiwi kwa mwili wa mgonjwa pekee. Hujibiwa pia na jinsi kazi inavyogawanywa, na hapo Ukambani, eneo la Wakamba lenye Kitui na Makueni, kuna historia ndefu kuliko ya kipimo hicho.

Historia hiyo ni ya mwethya. Ndugu na majirani waliitana kufanya kazi iliyoizidi kaya moja, kama kujenga nyumba au kulima, na mwenyeji akawalisha. Wanaume walipozidi kwenda jeshini, polisi na katika kazi za mijini enzi za ukoloni, wanawake ndio waliobaki na mashamba. Kufikia miaka ya 1950, matuta ya Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, yalichimbwa na vikundi ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake. Mwethya haukuundwa kwa ajili ya wagonjwa. Hata hivyo, kaya iliyopungukiwa mikono ni ile ile, iwe imepungukiwa kwa safari, kwa kifo au kwa kupooza. Kazi nzito ikibebwa na wengi, nyumbani hubaki kazi nyepesi: kupukuchua mbaazi, kuchambua kunde, kusokota nyuzi za kikapu cha kyondo juu ya paja. Hizo ndizo kazi ambazo mkono dhaifu unaweza kuzirudia kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na marudio ya namna hiyo ndiyo msingi wa mazoezi ya viungo.

Atakuwepo wa kudai kwamba huku ni kuupamba umaskini, na kwamba kiharusi kinataka daktari wala si majirani. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Shinikizo la damu linaloleta kiharusi halishushwi na mwethya. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta visa vipya vya kiharusi 108.6 kwa watu 100,000 kila mwaka katika wilaya ya vijijini ya Hai, Kilimanjaro, na 315.9 jijini Dar es Salaam, viwango vilivyorekebishwa kwa umri. Kijiji hakijasalimika. Ndiyo maana mpango wa Makueni wa 2016, ulioiwezesha kaya kutibiwa kwa ada ya shilingi 500 kwa mwaka, ulistahili kusifiwa. Lakini mgonjwa hulala wodini siku chache tu, na kujifunza upya kuvaa shati huchukua miezi. Miezi hiyo ni ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikubali hivyo lilipotoa mwaka 1989 mwongozo wa kuzifundisha familia mazoezi ya watu wenye ulemavu. Na huko Kibwezi, Makueni, mwishoni mwa miaka ya 1970, shirika la afya la AMREF lilikuwa limeshaanza kuwafunza wanakijiji kuwa wahudumu wa afya wa jamii yao.

Pingamizi zito zaidi ni hili: msaada wenyewe hulemaza. Mama akilishwa kila mlo kwa upendo, mkono wake husahau kijiko, na binti anayemlisha hukosa masomo. Sikatai. Palipo na binti mmoja badala ya kikundi, huo si mwethya, ni mzigo wa mtu mmoja. Mwethya halisi ulichukua kazi iliyomshinda mwenyeji na kumwachia ile aliyoiweza. Basi kaunti za Kitui na Makueni ziwapeleke wataalamu wa viungo kwenye vikundi vya wanawake, wavioneshe kazi ya kumsaidia mgonjwa na kazi ya kumwachia, na katika fomu ya kupima wauandike pia mtungi wa maji.