Mtu wa Ngarambe

Wachina wana hadithi ya mtawa wa Kibudha aitwaye Bodhidharma, ambaye yasemekana alitoka kusini mwa India akafika kwao karne ya 5 au ya 6. Alikaa miaka tisa akiutazama ukuta. Usingizi ulipomshinda akajikata kope kwa hasira, na pale zilipoanguka pakaota mchai. Kaburi lake lilipofukuliwa, likakutwa na kiatu kimoja tu.

Sisi wa bonde la Kilombero tunaye wetu, ingawa hakuwa mtawa wala mkazi wa Ifakara. Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe, huko chini upande wa Rufiji. Mwaka 1904, wazee wanasimulia, pepo Hongo alimkamata akamzamisha majini. Ndugu zake wakamtafuta wasimwone. Kesho yake akaibuka, nguo zake kavu kabisa, akaanza kugawa dawa ya kugeuza risasi za Mjerumani kuwa maji.

Tazama ajabu hii: mto Kilombero huteremka kwenda kuuzaa Rufiji, lakini maji ya Kinjikitile yalipanda kutoka Rufiji kuja kwetu, yakiletwa na wajumbe walioitwa pia hongo. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Dawa haikusimama. Tarehe 30 ya mwezi huo huo Wapogoro waliliendea boma la Mahenge asubuhi kweupe, mbele ya bombomu mbili, wakaanguka kwa mamia. Wambunga walifuata baadaye.

Ndiyo maana siafikiani na wanaomweka Kinjikitile kapu moja na watakatifu wa kale. Hadithi ya mtawa ilikua polepole, mwenyewe amekwisha kufa zamani. Hii ya kwetu ilikomaa kwa mwaka mmoja, na watu wakaenda nayo vitani. Hadi 1907 vita na njaa viliua watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani. Wanahistoria wengine wanataja 250,000 hadi 300,000.

Marehemu bibi yangu, Mpogoro wa Mahenge, hakutaka kusikia neno "ushirikina" katika jambo hili. Ukimwuliza kama maji yale yalikuwa ya kweli, naye hukuuliza: mtu asiye na bunduki akikutana na mwenye bunduki, utampa nini ili asimame?

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake, akamwita shujaa wake Kinjeketile na kueleza wazi kwamba huyo ni wa kubuni. Vijana wengi niliowafundisha Ifakara wanamjua huyo wa jukwaani. Yule wa Ngarambe, aliyekuwa na ndugu wa kumtafuta mtoni, waliambiwa habari zake na mimi.