Majina ya Rangi: Kutoka Magome ya Mkandaa hadi Terminali ya Kompyuta

Mfasiri anayeletewa orodha ya majina manane ya rangi huweza kudhani kwamba kazi yake ni ya dakika chache. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tutaeleza kwanza namna Kiswahili kilivyojipatia majina yake ya rangi, kisha tutazame jinsi historia hiyo inavyotufaa katika kutafsiri mipangilio ya rangi ya terminali, yaani lile dirisha la kompyuta ambamo mtumiaji huandika amri kwa maneno badala ya kuchagua picha.

Tuanze katika delta ya Mto Rufiji, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti. Huko ndiko kuliko na eneo kubwa kabisa la mikoko katika pwani ya Tanzania. Kwa muda mrefu majahazi yalipakia boriti za delta hiyo kwenda Arabuni, na katika zama za utawala wa Wajerumani magome ya mikoko nayo yalikuwa bidhaa, kwa kuwa yana utomvu unaofaa kulainishia ngozi. Mwenyeji wa huko haoni "mikoko" tu. Hutofautisha mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mchu na mkomafi, kila mmoja na kazi yake. Gome la mkandaa hutoa rangi nyekundu iliyoelekea kahawia, na watu wa pwani wamelitumia tangu kale kutilia vitu rangi. Wasusi wa mikeka walipotaka chane nyeusi walichemsha mizizi ya mdaa. Walipotaka za njano walitumia bizari ya manjano. Rangi, basi, ilikuwa kitu cha kuchimbwa, kubanduliwa na kuchemshwa kabla haijawa sifa ya kutajwa.

Jambo hili limeacha alama katika sarufi yetu. Sifa za rangi zinazopokea viambishi vya ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema kitambaa cheupe, nguo nyeusi, maandishi mekundu. Mwaka 1969 wataalamu Brent Berlin na Paul Kay walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa nayo haya haya. Rangi nyingine zote kwetu zimeazimwa kutoka kwenye vitu: kijani kutoka jani, kijivu kutoka jivu, manjano kutoka bizari, kahawia kutoka kahawa, zambarau kutoka tunda. Samawati ni neno la Kiarabu lenye asili ya mbingu, buluu limetoka katika Kiingereza, na hata neno rangi lenyewe asili yake ni Kiajemi.

Asidhani mtu kwamba huu ni upungufu wa Kiswahili. Rangi iitwayo majenta ilipewa jina baada ya vita vilivyopiganwa karibu na mji wa Magenta, Italia, mwezi Juni 1859; na kilichopewa jina hilo kilikuwa dawa ya kutilia nguo rangi, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka huo huo. Wazungu nao, basi, walipata jina la rangi kutoka kwenye chungu cha mtia rangi.

Terminali imekuja na utaratibu mwingine. Kanuni za Ulaya za mwaka 1976, na za Marekani zilizofuata mwaka 1979, ziliweka alama za kuamuru skrini, na katika utaratibu huo rangi nane zikapewa namba. Rangi ya maandishi huanzia 30 hadi 37: nyeusi, nyekundu, kijani, manjano, buluu, majenta, sayani na nyeupe. Rangi ya nyuma ya maandishi hufuata mpango huo huo kuanzia 40 hadi 47, na namba 0 huyarudisha yote katika hali ya awali. Mpangilio huu si wa kubahatisha. Nyekundu huhesabiwa 1, kijani 2 na buluu 4. Manjano ni 3 kwa kuwa ni mwanga mwekundu na wa kijani pamoja, na nyeupe ni 7 kwa kuwa ni yote matatu.

Hapa ndipo penye ugumu. Namba 33 huitwa manjano, lakini katika kompyuta za IBM zilizotoka mwaka 1981 macho yaliona kahawia. Aidha, mtumiaji ana ruhusa ya kubadili rangi inayobebwa na kila namba. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ya haki: buluu iliyokolea juu ya skrini nyeusi haisomeki vizuri. Kwa hiyo mfasiri hatafsiri kile anachokiona. Anatafsiri jina la nafasi.

Tatizo hili huwa kubwa zaidi pale Waswahili wenyewe wanapotofautiana. Wasomaji wengi wa Kenya hulitumia samawati kwa rangi ambayo Tanzania huitwa buluu. Mwongozo ukiita namba 36 "samawati", msomaji wa Mombasa aweza kuchagua 34, na msomaji wa Kibiti akachagua 36, ilhali wote wawili wamesoma Kiswahili sanifu.

Kwa sababu hiyo yafaa tuzingatie mambo matatu. Kwanza, namba 34 iitwe buluu, na namba 35 na 36 ziitwe majenta na sayani, majina ambayo ni ya wino wa wachapaji pia. Samawati, zambarau na urujuani yabaki kwa matumizi yake ya kawaida. Pili, katika orodha, sifa zifuate ngeli ya neno rangi: nyekundu, nyeusi, nyeupe, lakini ndani ya sentensi upatanisho urejee kwa nomino inayohusika, kama maandishi mekundu. Tatu, jina liandikwe daima pamoja na namba yake, na onyo lolote lisitegemee rangi peke yake. Mwongozo usiseme tu "tazama maandishi mekundu", kwa kuwa huenda msomaji amekwisha kuyabadili, au macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Utaje pia neno lenyewe linaloonekana, kwa mfano "kosa".

Msusi aliyesema "rangi ya mkandaa" alieleweka kwa kuwa msikilizaji wake alilijua gome. Mtumiaji wa terminali hana gome mkononi; ana namba. Istilahi itakayomfaa ni ile inayomfikisha kwenye namba hiyo bila kumpoteza njiani.