Hoja ya kujumlisha

Hoja ya kujumlisha, au induksheni, ni namna ya kufikiri inayoanzia kwenye mambo machache yaliyoonekana na kufikia kanuni ya jumla. Mfano mzuri ni Ruiru 11, aina ya mibuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, kaunti ya Kiambu, si mbali na mashamba ya Thika. Watafiti walitafuta mibuni inayostahimili chulebuni, ugonjwa wa kuvu ulioripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, ambao huacha madoa meusi yaliyobonyea kwenye buni mbichi. Miche ya wiki chache iliambukizwa kuvu hiyo makusudi. Iliyosalimika ilitarajiwa kustahimili hata ikishakua. Hapo ndipo penye mruko: kishina cha mche si tunda la mti mzima. Majaribio ya shambani yaliunga mkono tarajio hilo, ila David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alikwisha kuonyesha mwaka 1739 kwamba yaliyopita hayathibitishi yajayo kimantiki. Mwanafalsafa Karl Popper alivuka hapo, akashikilia kwamba sayansi haihitaji induksheni kabisa. Mkulima anayechagua miche kabla ya mvua huenda asimwelewe.